Kuchimba

Sisi wa Igogo hatukuhubiriwa mwamba.
Tulizaliwa juu yake.
Mwamba ukutani, mwamba jikoni,
mwamba umekaa mlangoni kama mgeni asiyeaga,
na mama akiuanikia dagaa
kwa kuwa hatukuwa na uwanja mwingine.

Basi mwalimu Lugembe, katekista wetu mpya,
mtu wa mbuga za Meatu,
ambako udongo mweusi humeza gurudumu la mkokoteni
na jiwe ni kitu cha kuonyeshana,
alipotusimulia yule aliyejenga juu ya mwamba
(bila kufungua kitabu, maana nani asiyemjua?)
macho yalimng'aa kama ya mtu anayetaja nyama.

Sisi tukaangaliana.
Mzee Bugumba akakohoa kicheko chake:
"Kumbe Igogo nzima tuna akili!
Na wale wa kule chini, wenye mageti ufukweni,
mchanga wao, na majani yao ya kumwagilia,
ndio wapumbavu?"
Jumuiya ikacheka mpaka benchi likalalamika.

Mimi sikucheka.
Mimi ndiye msomaji wa masomo, mwaka wa ishirini huu,
na kwangu mwamba una maana moja
tangu usiku ule wa Aprili, mvua ya siku tatu,
jiwe lilipojing'oa juu kwa kina Holo
likashuka, halina hata haraka,
likaketi walipolala watoto wawili.

Tangu hapo kila nilipolisoma somo lile
sauti ilitii, moyo uligoma.
Nilisema: aliyeyaandika haya
hajalala hata usiku mmoja chini ya jiwe.
Nikakifunga kitabu na maana yangu humo ndani,
kama mtu aliyemfungia paka kabatini;
kila nikifungua
anayeruka nje ni yule yule.

Alhamisi tulisali kwa Nkwimba.
Umeme umekatika, taa ya sola inasinzia,
na ziwani taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga
kama mtaa mwingine ambao hatujawahi kuualika.
Milembe, kitinda mimba wangu, darasa la pili,
akaomba asome yeye.

Husoma kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe,
silabi hii, anatulia, silabi ile.
"Ku. Chi. Mba."
Akainua uso.
"Mama, kwani jiwe linachimbwa?"

Nikataka kumwambia asome tu, aendelee.
Nikainama nimwonyeshe kwamba amekosea,
kwamba mtu yule alijenga, hakuchimba.
Neno lilikuwepo.
Wino mweusi, limekaa katikati ya mstari,
halijajificha popote.
Miaka ishirini ulimi wangu ulilipita
kama unavyopita mlango wa jirani unayemdai.

Nkwimba, anayeponda kokoto
tangu mumewe alipopotelea Geita,
alinyoosha viganja vyake kwenye ule mwanga kidogo.
"Linachimbwa, mwanangu.
Unaliwashia matairi mpaka liwe jekundu,
unalimwagia maji, linalia,
ndipo unalipiga. Siku nzima, debe mbili."
Akavitazama viganja vile kana kwamba ni vya mtu mwingine.
"Kumbe yule naye alichoka."

Mwalimu Lugembe sasa alikuwa amefungua kitabu chake,
kidole kinatembea kwenye mstari
kama cha mtu aliyedondosha shilingi majanini.
Mzee Bugumba hakukohoa.

Sikusema nimeelewa.
Watoto wa Holo hawakurudi kwa sababu ya neno moja,
na jiwe lile bado liko pale,
halmashauri wamelipiga alama nyekundu ya X,
mbuzi wanalipanda.

Ila alfajiri, ukungu haujaondoka ziwani,
niliisikia nyundo ya Nkwimba kule juu,
ngo, ngo,
ninayoisikia kila siku ya Mungu,
nikasimama na ndoo mkononi,
na kwa mara ya kwanza sikujua inasema nini.